Mito ya Mama Sufi

2 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Kabla hujaendelea kusoma, chukua mkasi ukate uzi wa mzigo taratibu. Usiuvute kwa meno kama ulivyozoea. Nimeushona kwa mkono, na meno utayahitaji.

Ndani utakuta mto wa kichwa wa mume wangu, yaani huyo mjukuu mliyeninyima hata kumbeba. Ni sufi tupu. Nimeichambua siku tatu, mbegu hata moja sikuiacha. Mito miwili mirefu ni ya ubavuni, mmoja kulia mmoja kushoto, asije akabingirika. Zile kuta nne nene ni za kuzungushia kitanda kwa ndani, asigonge kichwa kwenye fito. Blanketi ni la tabaka tatu. Tembo ni wa kumpa kampani. Nimemjaza sawasawa, nadhani ana uzito kuliko mtoto mwenyewe.

Nasikia ana wiki sita na mchana halali. Atalalaje bila mto? Hata wewe ukikosa mto unaamka umenuna mpaka saa sita.

Usiniulize kwa nini sikupigi simu. Simu yangu inasikia inapotaka, halafu maneno ya simu siwezi kuwasomea watu dukani. Barua yako ikifika nitaisoma kwa sauti mbele ya wateja, kwa hiyo andika mwandiko unaosomeka na usiniaibishe.

Mama yako,
fundi magodoro

---

9 Machi

Mama, shikamoo.

Mzigo umefika salama na uzi nimeukata kwa mkasi. Sijui nianzie wapi kukushukuru.

Mto wako umeleta amani nyumbani. Akishaweka kichwa tu, basi, usingizi huo. Jana alilala mdomo wazi, mate yakaloanisha foronya yote, nikamwangalia nikacheka peke yangu. Ile mirefu nayo imepata kazi, mmoja unakaa chini ya magoti, anasema, yaani anaonekana, amestarehe kabisa. Blanketi linatumika kila siku, halipumziki. Tembo tumempa mahali pa juu ambapo anatuona sote.

Bwana Mdogo anaongezeka uzito, kliniki wamefurahi. Mume wangu anakusalimu, yuko karakana na friji za watu kama kawaida.

Wasalimie wateja.

Binti yako

---

16 Machi

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma dukani mara tatu. Mara ya tatu kwa ombi la muuza mkaa, ambaye hana mtoto mchanga wala mke, lakini alisema anapenda pale penye mate.

Wanawake walipiga makofi. Mmoja akasema, "Mama Sufi, wa kwangu halali mwezi wa pili huu, nishonee kama huo." Mwenzake akadakia, "Na mimi." Mpaka nafunga duka, walikuwa kumi na moja, wenye watoto mkononi na wenye matumbo. Mke wa kinyozi ameomba wa kwake uwe mnene zaidi, maana mtoto wake ni mkubwa wa umbo. Barua yako nimeibandika ukutani karibu na cherehani, mtu akiuliza kama mto unafanya kazi namwonyesha kidole tu.

Kumbe shule nilizokupeleka zimekuja kunifaa mimi. Nimeshamaliza mito minne. Niambie, mume wangu kichwa chake kinazama vizuri, au niongeze sufi kidogo?

Mama yako mwenye furaha

---

20 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Naandika mwenyewe bila kumwambia mke wangu, kwa sababu naona aibu kupokea zawadi kubwa namna hii bila kushukuru kwa mkono wangu.

Mama, ule mto umeniokoa. Unajua kazi yangu ni kuinua friji, na mgongo ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nalala nimejikunja kama msumari uliokosewa. Sasa naweka ule mdogo kichwani, mrefu mmoja chini ya magoti na mwingine kiunoni, nalala mpaka mke wangu ananisukuma. Mate tu ndiyo tatizo, naomba radhi kwa foronya.

Blanketi nalo ni mali. Nafungia friji za wateja kwenye gari, hazipati hata mkwaruzo. Kuta nne nimezikatakata nikafunika kona za meza ya karakana. Tembo yuko juu ya kabati la vipuri, wateja wanampenda sana.

Bwana Mdogo hajambo. Mchana tumegundua dawa yake: kuna friji kuukuu ya mwenye bucha, inanguruma mfululizo kama mtu anayesali kwa sauti ya chini. Nikimleta karakana, akiisikia tu, macho yanalegea. Kwa hiyo friji nimeshaitengeneza lakini sijairudisha. Mwenye bucha nimemwambia nasubiri kipuri. Mungu atanisamehe.

Mkweo,
Fundi Friji

---

25 Machi

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa, na namshukuru Mungu nilikuwa peke yangu dukani.

Mimi huwa siingilii mambo ya nyumba za watu. Lakini mtu mzima, mwenye ndevu, kuchukua mto wa mtoto wa wiki sita! Na wa kichwa, na wa kulia, na wa kushoto! Hata mmoja hukumwachia? Blanketi la tabaka tatu umeivisha friji ya mtu, mjukuu wangu yuko uchi? Tembo anawachekea wateja, mtoto aliyetumwa amchekee anamjua kwa jina tu?

Halafu unaniambia bila haya kwamba mume wangu mnamlaza na friji ya bucha. Kuna nyama ndani? Usinijibu. Usiniambie kama kuna nyama ndani.

Binti yangu hajui lolote, maskini. Ameniandikia kwa furaha kwamba mtoto analalia mto mpaka anatoa mate. Sijui huwa unamvizia saa ngapi. Barua hii usimwonyeshe, itamvunja moyo kujua ameolewa na mtu wa namna gani. Rudisha mto mahali pake leo hii, nami nitanyamaza mpaka siku ya kufa kwangu.

Mama mkwe wako,
kwa masikitiko

---

28 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama na mpaka sasa sijakaa.

Mto nimeufua, uko kwenye kamba. Mama, ukiutaka nitauleta mwenyewe kwa miguu. Lakini kuna jambo sielewi. Bwana Mdogo hajawahi kulalia ule mto hata dakika moja. Muuguzi wa kliniki alikataza siku ile ile mzigo wako ulipofika, hataki kuona kitu chochote laini kitandani kwa mtoto. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani mke wangu alikueleza na ukasema basi Fundi autumie. Yeye ndiye aliyenipa.

Na friji haina nyama, Mama, naapa. Mtoto anakaa kwenye kitanda chake cha kukunja, friji iko upande wa pili wa chumba.

Ulisema nisimwonyeshe barua. Nilijaribu. Nilikuwa nimeificha kwenye sanduku la bisibisi, akaja kutafuta bisibisi. Sasa yuko jikoni, ameshika kalamu. Nitaiweka barua yake na yangu bahasha moja.

Mkweo asiye na hatia

---

28 Machi

Mama,

Mume wangu hana kosa. Kosa ni langu, na nitalisema moja kwa moja kabla sijabadili mawazo tena.

Rudia barua yangu ya tarehe tisa. Niliandika "akishaweka kichwa tu, basi, usingizi huo". Sikusema nani. Niliandika tembo yuko mahali pa juu. Ni kweli, yuko juu ya kabati. Nilijiona mjanja sana, kila mstari ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana ni uongo mbaya kuliko uongo wa kawaida, kwa sababu nimeupangilia kama mtihani.

Ukweli ni huu. Kitanda cha Bwana Mdogo kina godoro na shuka moja iliyobana, basi. Hana mto, hana blanketi, hana kuta, hana tembo. Analazwa chali, kila mara, awe amelala usiku au mchana. Kitanda kiko chumbani kwetu, pembeni ya chetu. Muuguzi alitueleza hivi: "Mtoto wa umri huu shingo haijakaza. Uso wake ukizama kwenye kitu laini, hawezi kujitoa. Na msimngoje alie, kwa sababu kulia kunataka pumzi." Mama, niliposikia neno hilo nilitembea njia yote kutoka kliniki nimemshika mtoto kifuani, na nilipofika nikakuta mzigo wako mlangoni.

Nilifungua nikaona mishono yako. Nikafikiri siku tatu za kuchambua sufi. Nikashindwa.

Halafu ikaja barua yako ya tarehe kumi na sita. Wanawake kumi na moja. Nimeianza barua hii mara tisa na kuichana mara tisa. Nimekupigia simu mara nne. Mara mbili ulisema, "Sikusikii, andika!" Mara mbili nilikata mwenyewe kabla hujaitikia. Siku kumi nimekaa na jambo hili, na kila siku mto wako mwingine umeingia nyumbani kwa mtoto wa mtu kwa sababu ya maneno yangu.

Tafadhali, mito hiyo irudi. Yote. Na barua hii usiisome dukani.

Hapana. Isome dukani. Isome kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza.

Binti yako

---

4 Aprili

Kwa Mwalimu,

Barua zimefika, yako na ya mumeo.

Nimelea watoto wanne juu ya mito yangu. Wote wako hai na vichwa vyao ni duara kabisa, njoo na rula upime. Miaka thelathini nimewalaza watu wa mtaa huu, leo naambiwa kazi ya mikono yangu ni hatari, na anayeniambia ni mtu niliyemfuta pua.

Kesho nakwenda kliniki ya huku. Yule muuguzi wetu ni mtu mzima, ana miwani, si kama hao watoto wenu. Akisema umekosea, nitakuandikia kwa wino mwekundu kama unavyowaandikia wanafunzi wako.

Mwenye duka

---

18 Aprili

Mama, shikamoo.

Wiki mbili kimya. Kila mara mtu wa posta akipita naenda mlangoni na mtoto begani. Sasa mtu wa posta amezoea, ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Huku kuna habari moja. Mwenye bucha alikuja mwenyewe kuulizia friji yake, akaikuta inanguruma, baridi tele, na mume wangu amekaa mbele yake anampepea mtoto. Akasema, "Kumbe kipuri ulichokuwa unasubiri ndicho hiki?" Akaipakia siku hiyo hiyo. Bwana Mdogo alilia mchana kutwa, na baba yake naye kidogo.

Tuliporudi kliniki nikamweleza muuguzi. Alicheka mpaka akaangusha kalamu. Akasema mngurumo si kosa, mradi uwe wa chini na utoke mbali na mtoto. Mume wangu akaenda bucha na simu, akaomba kurekodi friji. Wateja wakadhani ni mkaguzi, mwenye bucha akatoa nyama mbichi zaidi. Sasa simu tunaiweka kwenye rafu ya mwisho wa chumba, sauti ndogo. Namwogesha, nafunga pazia, namlaza chali macho yakiwa yanaanza kulegea, friji inanguruma, analala. Siyo kila siku. Jana alitukatalia wote watatu, mimi, baba yake na friji.

Mama, kasirika, lakini kasirika kwa maandishi. Mito imerudi?

Binti yako

---

20 Aprili

Mwanangu,

Nilikuwa sina nafasi ya kuandika. Nilikuwa nakusanya mito.

Kwa muuguzi nilikwenda nimevaa gauni la kanisani ili anisikilize vizuri. Nikamweleza yote, na mto wa mfano nimeubeba kwapani. Aliuchukua, akaubonyeza kwa kidole, akasema, "Mama Sufi, mto mzuri sana. Wa nani?" Nikasema wa mtoto wa miezi miwili. Akaurudisha kwangu kama mtu anayerudisha kisu, mpini mbele. Akasema maneno yale yale ya muuguzi wenu, mpaka lile la kulia na pumzi. Nikamuuliza, "Na wale wanne wangu?" Akasema, "Umebahatika mara nne. Unataka kuwatafutia bahati na hawa kumi na moja?"

Nikatoka sijaaga.

Barua yako niliisoma dukani siku iliyofuata. Hata pale uliposema mimi sisikii simu, nilisoma. Muuza mkaa alivua kofia. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, wanawake watatu wakaondoka moja kwa moja kwenda kufuata mito kabla sijaomba. Mingine nikaifuata mimi, mlango kwa mlango. Wawili walinisema sana. Mmoja alisema, "Ulitusomea wewe, ukatushonea wewe, leo unatukataza wewe. Kesho utakuja na lipi?" Nikasema kesho sijui, leo nipe mto.

Nikapata kumi. Uliobaki ni wa mke wa kinyozi, ule mnene. Alinikatalia mara mbili. Alisema tangu aupate mtoto amelala na yeye amechana nywele kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Nilimkuta amependeza kweli.

Mara ya tatu nilikwenda mchana wa Jumanne. Alikuwa uani anafua. Nikasema, "Niruhusu nimchungulie tu mtoto." Akasema, "Mchungulie, lakini mto uuache."

Nikaingia. Mtoto alikuwa amegeuka. Hakugeuka sana, ni kichwa tu na bega, na uso wote ulikuwa ndani ya mto. Ule mto nilioujaza zaidi kwa sababu niliombwa. Nikasikia pumzi nyembamba, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa kizito, unakwama, unavutwa tena. Hakuwa analia, Mwalimu. Alikuwa kimya kabisa, na mtu akisimama mlangoni angesema, tazama anavyolala vizuri.

Nikamnyanyua. Akapiga chafya, akanitazama kama mteja aliyecheleweshewa godoro, halafu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kizuri kama hicho. Mama yake akaja mbio na povu mikononi. Akamtazama mtoto, akautazama mto. Lile shimo la uso lilikuwa bado liko pale, bichi, na pua yake inaonekana. Yeye mwenyewe akauchukua akanipa.

Nilirudi dukani nikajaribu kutia uzi kwenye sindano. Mara saba. Nikafunga duka mapema.

Sasa sikiliza. Mito yote nimeifumua nikaishona upya, mikubwa, na nimewarudishia wenyewe iwe ya mgongo. Wazo hilo limetoka kwa mumeo, mwambie namshukuru, na mate yake nimeyasamehe. Nimewaambia wanawake: huu ni wa mgongo wako wewe unaponyonyesha, ukiwa macho. Mtoto akisinzia, mrudishe kitandani kwake, chali, kitanda kitupu. Mke wa kinyozi nimemwambia niletee mtoto dukani saa za mchana, nitamshika mimi, wewe kachane nywele. Anakuja kila siku. Mtoto mzito yule.

Barua yako ya kwanza nimeibandua ukutani. Ya pili nimeibandika.

Nina maneno mawili ya mwisho. La kwanza: nipimie kitanda cha mume wangu, urefu, upana na kimo, kwa rula ya shule, si kwa mikono. Nitamkatia sponji ngumu, ile ambayo ukiikalia inakukalia, na gamba la kitambaa lililobana, isibaki nafasi hata ya vidole viwili pembeni. Mimi ni fundi magodoro. Nyumba isiyotaka mito bado inanihitaji.

La pili. Hukuniudhi kwa sababu ya mito. Umeniudhi kwa sababu uliniogopa. Umepata kitu cha kumlinda mtoto wako na ukaona heri unidanganye kuliko kuniambia, "Mama, hapana." Nimekaa nikajiuliza, hivi mimi ni mtu wa namna gani, mpaka binti yangu mwalimu, anayepigia kelele watoto arobaini, anaandika barua mara tisa na kuzichana? Kwa hiyo kuanzia leo niambie kila kitu waziwazi. Kama kuna jambo lingine umenificha, liandike sasa. Sitakasirika.

Mama yako

---

26 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimesoma habari ya mke wa kinyozi nikaenda kumtazama Bwana Mdogo, amelala chali mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nikakaa hapo mpaka akaamka. Asante, Mama. Asante kwa kwenda mara ya tatu.

Vipimo vya kitanda nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nimepima mara mbili, mume wangu akapima mara ya tatu, tumetofautiana kidogo sana na mimi ndiye sahihi.

Sasa, kwa kuwa umesema mwenyewe hutakasirika.

Mapazia yenye vishada uliyotupa tulipooana hatujawahi kuyatundika. Kila ukitutembelea tulikuwa tunayatundika siku moja kabla, ndiyo maana ulikuta mkunjo na ukasema sijui kupiga pasi. Najua kupiga pasi.

Mume wangu hana mzio wa tangawizi. Hapendi yako tu, unatia nyingi.

Wewe unasikia simu vizuri. Sote tunajua.

Na lile gauni la kijani ulilonishonea nilipomaliza chuo, lenye mikono mikubwa. Halikuibiwa kwenye kamba, Mama. Nililigawa. Nilimpa binti wa jirani yako wa upande wa kisima, alikuwa analipenda na mimi nilikuwa naonekana kama kochi.

Najisikia mwepesi sana. Ulikuwa na haki, ningeanza zamani.

Binti yako mkweli

---

2 Mei

Mwanangu,

Vipimo vimefika. Godoro nimelimaliza, nimelikalia, halikuzama. Nakuja nalo Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mumeo anipokee stendi, na avae kitu cha kubebea mzigo mgongoni ili asije akaniambia umeteguka tena.

Mapazia yatundikeni au msitundike, nitajua nikifika. Ya tangawizi nimeyasikia. Ya simu sikuyasikia.

Sasa hili la gauni. Miaka sita iliyopita niliona gauni lile limeanikwa kwenye kamba ya jirani, na wewe ulikuwa umeniambia limeibiwa. Sikusema neno. Ila tangu siku ile yule mama sijamkopesha hata kiberiti. Akinisalimia naitikia kwa pua. Alipouguliwa na mumewe nilimtuma mtu apeleke pole, mimi sikwenda. Dukani nimekuwa nikimshonea godoro kwa uzi mwembamba, makusudi, likifumuka namwambia ni yeye mzito. Miaka sita, Mwalimu!

Jana nilikwenda kwake. Nilibeba mto mpya wa mgongo, sufi bora niliyokuwa nimeitunza, nikamweleza yote nikiwa mlangoni maana hakunikaribisha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama Sufi, mimi nilidhani umenuna kwa sababu nilichukua ndoo yako ya bluu."

Kumbe ndoo yangu ya bluu anayo yeye.

Tumecheka mpaka tukakaa chini kizingitini, wanawake wazima. Amenirudishia ndoo, nimemshonea upya godoro kwa uzi mnene, na binti yake bado ana gauni, anasema linambana sasa, ana mimba. Nimeshamwambia habari ya kitanda kitupu kabla hata hajauliza.

Kama una ukweli mwingine, kaa nao mpaka nifike. Sufi ya kuombea radhi imekwisha.

Mama yako